Nilikwenda Pangani kula pweza, nikakuta usukani mtupu

Wiki hii, msomaji wangu mpenzi, tutoke kidogo nje ya jiji. Ila panda kiti cha nyuma. Usinune, sababu ya kukuweka nyuma utaijua tukifika Ngamiani.

Ilikuwa Desemba 2018. Mwenzangu ni mtoto wa Pangani, na mama mkwe alikuwa hajamtia machoni mjukuu wake tangu azaliwe. Simu zilikuwa zinapigwa kila Ijumaa, na kila Ijumaa sauti ilikuwa inapungua utamu. Nikasema liwalo na liwe, tunakwenda, tena kwa gari letu wenyewe. Gari lenyewe lilikuwa la mtumba kutoka Japani, rangi ya fedha, namba D, nimelinunua 2016 kwenye yadi moja ya Dar. Siku zile nilikuwa nikikuona unagombania daladala nakupungia mkono tu, nasonga.

Njia ya Tanga unaijua. Chalinze, halafu unakimbizana na mabasi mpaka Segera, pale wanaokwenda Moshi na Arusha wanashika yao na wewe unakunja kulia. Muheza ukisimama machungwa yanaingia dirishani kabla hujateremsha kioo. Mwenzangu alikuwa mbele, mtoto wa miaka 2 kampakata, anamenya chungwa. Picha safi kabisa ya familia ya kisasa. Kwenye dashibodi hakuna taa hata moja inayowaka, nami nikawa najisifu moyoni kwamba gari langu halina tatizo hata chembe.

Tanga yenyewe sitaisimulia sana, maana waja leo waondoka leo, na mimi nilikuwa mmoja wao. Barabara pana, miti mikubwa, baiskeli kila upande. Mji ni tambarare, hivyo mtu mzima na kanzu yake anapiga pedali polepole kwenda msikitini, wala hatoki jasho. Tulilala Raskazone, asubuhi tukashika njia ya Pangani.

Siku hizo njia hiyo ya kilomita kama 50 ilikuwa haijaguswa na lami. Vumbi, mawe, makorongo, na minazi inakuchungulia. Nusu ya njia gari likaanza kugonga chini, kong, kong, kila tukiingia shimoni. Mwenzangu akaniangalia. Nikaongeza sauti ya redio.

Pangani tulikaa siku tatu. Nyumba kongwe za mawe, mto mpana unaoingia baharini, kivuko kinaenda Bweni na kurudi na watu, mbuzi na pikipiki. Mama mkwe alinipokea kwa pweza wa nazi, ugomvi wote ukaishia kwenye sinia. Ningependa kukaa hapo hapo kwenye sinia, lakini safari hii haikuwa ya pweza.

Kurudi, ile kong kong ikawa ngoma. Tukafika Tanga mjini nikaulizia fundi, nikaelekezwa Ngamiani, kule mitaa inakoitwa kwa namba. Gereji yenyewe ni mwembe, benchi, na magari mawili yaliyowekwa juu ya mawe. Fundi mtu mzima, kofia ya kiua kichwani, ovaroli limekunywa oili miaka mingi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hilo ni bushi na bolijointi. Nimelisikia tangu kona ile."

Kwenye benchi walikuwepo wenye magari wanne, kahawa chungu na kashata katikati. Msomaji, lile lilikuwa baraza la malalamiko. Mmoja analia gari lake la otomatiki lilitiwa oili ya giaboksi isiyo yake, sasa linafikiri kwanza ndipo liende. Mwingine kaambiwa tairi zake ni mpya, kumbe ni za zamani zilizopakwa rangi nyeusi. Huyo akanifundisha kitu nilichokuwa sikijui: ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne, mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2309, hiyo tairi imezaliwa wiki ya 23 mwaka 2009, haijalishi inang'aa vipi. Nikainuka kuangalia zangu. Sitakwambia nilichokiona.

Wa tatu alikuwa na kutu. Gari lake juu ni bibi harusi, chini ni chujio. Fundi akasema hiyo nayo ina asili yake. Mikoa ya baridi ya Japani wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha theluji, chumvi inakaa chini ya gari. Ukilileta Tanga, hewa ya bahari inamalizia.

Basi fundi akaingia garini kwangu kulisogeza. Akawasha. Akazima. Akawasha tena nusu, bila kupiga stata. Akaniita.

"Mwanangu, hesabu taa."

Nikahesabu. Oili, betri, injini, breki.

"Ya mfuko wa hewa iko wapi?"

Ule wanaouita eabegi. Nikamwambia haijawahi kuwaka, na ndiyo raha ya gari langu. Mzee akacheka bila furaha. Akanieleza kwamba ukifungua swichi, taa hiyo lazima iwake sekunde chache kisha izime yenyewe. Ikigoma kuzima, mfuko una kasoro. Isipowaka kabisa, kuna mtu kaifanyia kitu.

Akafungua dashibodi. Nyuma ya kile kitaa kidogo palikuwa na utepe mweusi, umekatwa kwa mkasi, umebandikwa kwa ustadi wa fundi cherehani. Akaubandua. Taa ikawaka nyekundu, na haikuzima. Akatoa nyaya za betri, tukanywa kahawa kwanza kungoja umeme uliobaki uishe, ndipo akang'oa kifuniko cha usukani. Ndani mlikuwa na matambara na gundi. Upande wa abiria, pale mbele ya kifua cha mwenzangu na kichwa cha mtoto, mfuniko ulikuwa umegundishwa. Nyuma yake hamna kitu.

Kwa hiyo lile gari lilishagonga kitu siku moja, mifuko yote miwili ikafumuka, na mtu akaona kuweka mipya ni gharama, utepe ni bei rahisi. Miaka miwili nimelipeleka Morogoro, Bagamoyo, harusini na msibani.

Benchi lote kimya. Ndipo wa nne, mwalimu wa fizikia, akasema: "Huenda ni bahati. Kuna iliyokuwepo ikaua."

Nilidhani ananifariji. Kumbe anasema habari ya Takata, kampuni ya Japani iliyotengeneza mifuko hiyo kwa viwanda vingi vya magari duniani. Kinachoujaza mfuko ni kemikali inayolipuka kwa kipimo. Takata walitumia amonia naitreti, jamaa wa mbolea ya shambani. Joto na unyevu vikiiandama miaka mingi inaharibika, siku ya ajali inalipuka kupita kiasi, kopo lake la chuma linapasuka na vipande vinamrukia dereva. Honda walianza kuyaita magari yao mwaka 2008, wakafuata akina Toyota, Nissan, BMW na wengine, mpaka ikawa mifuko kama milioni 100 duniani. Takata ikafilisika Juni 2017. Marekani peke yake wamekufa zaidi ya watu 25, na Malaysia wamo pia, nchi ya joto na unyevunyevu kama pwani yetu hii.

"Barua ya kuitwa," mwalimu akasema, "inakwenda kwa mwenye gari aliyeandikishwa kule. Gari likishapanda meli, nani atakuletea barua Ngamiani?"

Wote wakatoa kadi za magari. Namba ya chesesi imo humo, na makampuni ya Japani yana tovuti za kuipima, shida ni Kijapani chake. Mwalimu alikuwa na simu na subira. Magari matatu yakatoka salama. La nne, Vitz ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, ya yule mwenye kutu, likaonekana liliitwa na halikwenda. Akatazama usukani wake muda mrefu, halafu akaomba kahawa nyingine.

Nikampigia mtu wa yadi. Akanisikiliza vizuri sana. "Kaka, si ulilikagua mwenyewe ukaridhika?" Kisha mtandao ukakatika, kwake tu.

Fundi akabadilisha bushi na bolijointi, elfu zangu nikahesabu. Akauliza kama arudishe utepe. Nikakataa.

Tukaondoka alasiri. Mwenzangu kiti cha nyuma, mtoto katikati kafungwa mkanda kwa kanga juu ya mto wa mama mkwe, mimi mbele peke yangu kama dereva wa teksi, spidi 70, mabasi yananipigia honi ya matusi. Kiza kikaingia Segera.

"Baba, taa hiyo inawaka," mwenzangu akasema.

"Naiona."

Ikawaka hivyo hivyo mpaka Chalinze.