Kisiwa cha Tchegera na Samaki wa Kyavinyonge

Katika Ziwa Kivu, magharibi ya Goma, kiko kisiwa kidogo kiitwacho Tchegera, chenye umbo la mwezi mwandamo. Umbo hilo si la ajabu, kwa kuwa kisiwa ni ukingo wa kinywa cha volkano ya kale iliyozama majini. Nacho ni sehemu ya Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ile ile inayopakana na mashamba yetu upande wa Beni na Lubero.

Mwaka 2019 tulilala huko tukiwa wakalimani wa wageni, maana kwa mshahara wa mwalimu tusingeweza kulipa hata usiku mmoja. Mahema yalitengana ufukweni, na ndani yake mlikuwa na vitanda vizuri na maji ya moto. Lakini tulipowauliza wageni ni kitu gani kilichowavuta kutoka mbali hivyo, hakuna aliyetaja kitanda. Walitaja kimya. Mchana tuliwaona ndege wavuvi wakipiga mbizi. Usiku, upande wa kaskazini, mawingu juu ya Nyiragongo yaligeuka mekundu kwa moto uliomo mlimani. Mbele ya kazi hiyo ya Muumba, mtu huvua kofia bila kuambiwa.

Basi kilichouzwa Tchegera kwa bei kubwa ni kile ambacho mkono wa mtu haujakiharibu. Na kulinda kitu hicho kumegharimu damu. Walinzi wa mbuga waliouawa ni zaidi ya 200. Mwezi wa Mei 2018 binti mmoja mlinzi, Rachel Masika Baraka, aliuawa njiani akiwalinda wageni, hata mbuga ikafungwa mpaka Februari 2019. Nani kati yetu hapa Butembo hana Masika katika ukoo wake?

Wengine watasema: “Hayo ni mambo ya wenye fedha. Sisi twataka shamba na samaki.” Kweli, mandhari nzuri haijazi chungu. Lakini tutazame Ziwa Edward, linalotulisha sisi. Kinyesi cha kiboko hurutubisha maji. Humo huzaliwa viumbe vidogo ambavyo ni chakula cha samaki. Katika miaka ya 1970 viboko wa mbuga walikuwa karibu 30,000. Mwaka 2005 hawakufika 1,000, kwa sababu ya bunduki na tamaa ya nyama na meno. Tena ziko nyavu za matundu madogo, zinazokokota hata watoto wa samaki. Wavuvi wa Kyavinyonge hawakuhitaji kitabu kuwafundisha matokeo yake; mitumbwi yao iliyorudi mitupu iliwafundisha.

Wala tusiitunze nchi kwa ajili ya fedha za wageni peke yake. Januari 2025 Goma ilitekwa na M23, na mgeni huikimbia vita. Anayeweka tumaini lake lote kwake amejenga juu ya mchanga. Sisi wenyeji ndio tutakaobaki na ziwa, likiwa zima au likiwa limekufa.

Wazazi, Mungu alipomweka Adamu bustanini alimpa kazi mbili: kuilima na kuitunza. Ile ya kwanza watu wetu huifanya kwa jasho na sifa. Tuwafundishe watoto na ile ya pili.