Faili la MIDI Halina Sauti

Huenda nawe u mwimbaji wa kwaya ya kigango, au mwanao hupiga kinanda kanisani. Basi siku moja utaletewa wimbo katika faili ambalo jina lake linaishia kwa herufi "mid", nawe utaambiwa, "Ufungue katika kompyuta, wimbo umo humo." Wengi huufungua, huusikia vibaya, wakautupa. Tafadhali, usifanye haraka hivyo.

Lishike kwanza neno hili: faili la MIDI halina sauti ndani yake. Lina maagizo tu: bonyeza kitufe hiki cha kinanda, kwa nguvu kadha, kisha kiachie. Kila noti ina namba yake, kuanzia 0 mpaka 127. C ya katikati ni 60. Kwa sababu hiyo faili lenyewe ni dogo sana. Dakika 3 za sauti iliyorekodiwa kwa kiwango cha CD hula megabaiti 30 hivi, lakini maagizo ya wimbo huo kwa kawaida hayafiki hata megabaiti moja.

Lugha hii ilitungwa ili vinanda vya viwanda mbalimbali vipate kusikilizana. Januari 1983, mjini Anaheim, Marekani, kinanda cha Sequential kiliunganishwa kwa waya na kinanda cha Roland ya Japani. Kimoja kilipopigwa, cha pili kiliitika.

Kwetu sisi mwalimu wa kwaya alifariki akatuachia nyimbo zake katika mafaili ya namna hii. Tulipoyafungua, vijana walicheka, "Mbona inalia kama simu ya zamani!" Mjane wake alikuwa ameketi papo hapo, akainamisha kichwa. Nikawaambia vijana, "Mwalimu hakutuachia sauti, ametuachia maagizo. Kuyatimiza ni kazi yetu."

Nawe ukipata faili kama hilo, fanya hivi. Weka nakala pembeni kabla ya kugusa lolote. Kisha liingize katika programu. Ziko zinazopatikana bure: MuseScore kwa kuandika noti, na LMMS kwa kutengeneza muziki. Tazama kama sauti nne zimetengana. Maana yako mafaili yanayoweka kila sauti katika mstari wake, na yako yanayozirundika zote pamoja. Hapo utazitenganisha kwa kufuata njia zake, ambazo ni 16. Angalia njia ya 10: kwa mapatano ya mwaka 1991 hiyo ni ya ngoma, na ukiiweka alto humo utasikia vishindo badala ya wimbo.

Halafu ichagulie kila sauti chombo chake, kinanda cha kanisa au filimbi, upendavyo. Usisahau mwendo. Faili lisipotaja mwendo, kanuni ni mapigo 120 kwa dakika, na wimbo wa maziko utakwenda mbio kama wa harusi. Tena, faili hujua namba ya kitufe tu, halijui jina la noti. F kali na G bapa kwake ni kitu kimoja. Basi noti zitakazoandikwa na kompyuta zaweza kulia sawasawa, lakini zikasomeka vibaya. Zirekebishe kabla ya kuchapa.

Faida yake utaiona siku ya mazoezi. Unazinyamazisha sauti tatu, na wazee wa besi, hata wasiojua kusoma noti, wanaisikia yao peke yake mpaka iwakae kichwani.

Katika wimbo mmoja wa maziko besi ya mwalimu ilishuka mahali ambapo wazee, waliojifunza kwa kusikia, walizoea kupanda. Ukazuka ubishi. Wengine walisema kompyuta imekosea. Mjane akaenda nyumbani, akarudi na karatasi aliyoiandika marehemu kwa mkono wake. Faili lilikuwa limesema kweli. Wazee waliimba kama ilivyoandikwa, na hakuna aliyecheka tena.

Kwa hiyo, wewe unayetunga, hifadhi faili pamoja na karatasi, na andika mwendo na majina ya sauti. Nawe unayepokea, usiihukumu kazi ya mtu kwa mlio wa kwanza. Pengine wimbo ni mzuri, ila umevishwa nguo isiyo yake.