Mche Mmoja wa Sabuni

Desemba 1997 mvua za El Niño zilikuwa hazijui kupumzika. Shule zilikuwa zimefungwa, na Mama akatuchukua mimi na dada yangu kwenda naye Kampala kufuata bidhaa za duka letu la Bukoba. Matembezi ya familia yetu yalikuwa hayo. Mengine hatukuwa nayo.

Kikuubo kwa Kiganda ni uchochoro, na ndivyo palivyo: njia nyembamba karibu na stendi za mabasi, maduka ya jumla yamebanana huku na huku, wapagazi wanakuja na magunia kichwani na usipowapisha unasombwa. Pesa Mama alikuwa ameifunga kwenye pindo la kitenge. Wenye maduka walimwita "nnyabo", wakamsemesha Kiganda, yeye akajibu kwa Kihaya na wakaelewana vizuri tu. Ilipofika kwenye bei wote walihamia Kiswahili. Akanunua mabeseni, biskuti na katoni za sabuni za miche.

Tukirudi, tulikuwa tumeshavuka ikweta pale Kayabwe mvua ilipotushukia. Dereva hakuona mbele. Akaegesha Lwera, mafunjo yakiwa yametanda pande zote, na kondakta akasema hatuondoki mpaka ianuke. Tulikimbilia kibanda cha wauza samaki, chenye kamongo waliokaushwa kwa moshi. Miguu yetu ilikuwa matope mpaka magotini.

Mama huyu, ambaye nyumbani hakutoa hata biskuti moja ya duka bila kuiandika daftarini, akaomba afunguliwe buti. Akarudi na beseni jipya na mche wa sabuni. Beseni akalikinga chini ya bati. Akachomoa uzi kwenye kitenge, akauzungusha kwenye mche, akavuta ncha zote mbili, na kipande kikaachia bila chembe kudondoka. Kisha akatuosha miguu, kidole kwa kidole, na huku anaongea. Siku hiyo ndipo tuliposikia jinsi alivyokimbia na wazazi wake mwaka 1978, majeshi ya Amin yalipoingia Kagera, wakalala porini mvua ikiwanyeshea. Dukani hakuwahi kupata nafasi ya kutuambia. Tulikaa pale karibu saa tatu, na mimi niliomba moyoni isianuke.

Safari zile zilikwisha kidogo kidogo. Kwanza ikaja simu, Mama akawa anaagiza kwa sauti. Halafu pesa nayo ikaanza kupita kwenye simu, mzigo ukawa unafika mpakani Mutukula na tunaupokea hapo. Mpakani kwenyewe, tangu 2017, Watanzania na Waganda wanahudumiwa katika kituo kimoja. Mama aliacha kusumbuka, na mgongo wake ulihitaji hilo. Lakini na sisi tuliacha kukwama naye popote.

Lwera nayo si ile. Palipokuwa na mafunjo pana mashimo ya mchanga na mashamba ya mpunga. Mei 2023 mto Katonga ulifurika ukaharibu daraja la barabara kuu, na juma hilohilo tulikuwa tunampeleka Mama Kampala, harusini. Ikabidi tuzungukie Villa Maria, Sembabule na Kanoni hadi Mpigi. Mvua ilituandama njia nzima. Wanangu walilala, simu zikiwa mapajani. Mama, pembeni yangu, alikuwa anapangusa kioo kwa kiganja, anaangalia migomba na ng'ombe wa nchi ambayo hakuwahi kuipita.

"Hapa si Lwera," akasema.

"Si Lwera, Mama. Daraja limevunjika."

"Ungesimama."

Sikusimama. Giza lilikuwa linaingia na barabara ilikuwa inateleza. Nimeujutia uamuzi huo kuliko mengi niliyokosea.

Kesho yake aliomba nimpeleke Kikuubo. Duka alilozoea kununua zamani sasa linaendeshwa na kijana, mtoto wa yule aliyekuwa akimuuzia. Kijana akamwamkia kwa adabu, akamuuliza katoni ngapi. Mama akasema anataka mche mmoja. Kijana alikataa pesa yake, akaufunga kwenye gazeti. Mama aliupakata mpaka tunafika Mutukula, na binti yangu alipouliza sabuni hiyo ni ya nini, bibi yake akamwambia avue viatu kwanza.