Stoo ya Majembe

Ndugu msomaji, kama ulikuwa Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 sina haja ya kukusimulia. Kama hukuwapo, basi jua tu kwamba ilikuwa Jumatano, sisi wa darasa la nne tunanakili hesabu ubaoni, na ghala la mabomu la jeshi likaanza kulipuka kabla ya adhuhuri. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Watoto tulitawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Mimi nilikimbia peku mpaka Mtoni. Mama, na mdogo wangu mgongoni, alikimbilia Kongowe. Tulionana kesho yake jioni.

Lakini si mabomu ninayotaka kuyaandika hapa. Yale yalitangazwa redioni. Yaliyofuata hayakutangazwa popote.

Nilianza kukojoa kitandani. Mtoto wa miaka kumi, dume zima! Kila asubuhi godoro langu lilianikwa ukutani, na ukuta wenyewe uko njiani, wanafunzi wote wa mtaa ule wanapita hapo. Mama alidhani ni jeuri. Shuleni nako nilikuwa na ugonjwa mwingine: dirisha likijibamiza kwa upepo, au lori likipasua tairi barabara ya Kilwa, mimi nimekwisha ingia chini ya dawati. Darasa zima kicheko. Mwalimu wa hesabu, ambaye hakuwa na mchezo, alinitoa kwa fimbo. Kanuni zinasema viboko visizidi vinne, avitoe mwalimu mkuu au aliyepewa naye ruhusa ya maandishi, kisha viandikwe kitabuni. Kitabu hicho mimi mpaka namaliza la saba sikukiona.

Aliyenisaidia alikuwa mwalimu wa Kiswahili wa darasa la sita. Kwetu yeye ndiye alikuwa mwalimu wa ushauri nasaha, cheo ambacho hakikumpunguzia hata kipindi kimoja cha kufundisha. Ofisi hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni ufunguo wa stoo ya majembe. Humo, katikati ya mafyekeo na ndoo zilizotoboka, yeye alikalia boksi la chaki na mimi nikakalia ndoo iliyopinduliwa, kila Jumanne baada ya masomo. Mpaka leo nikinusa kutu na udongo mkavu moyo wangu unatulia. Cheka ukitaka.

Hakuniuliza kwa nini ninajikojolea. Aliniuliza, "Siku ile ulikimbia na nani?" Nikasema, peke yangu. Ndipo nilipogundua kwamba hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali hilo, hata mama. Akanipa penseli nichore njia niliyopita. Nikachora barabara tupu, haina mtu hata mmoja. Jumanne iliyofuata nikaongeza mama mmoja aliyenishika mkono pale Mtoni akaninywesha maji. Nilikuwa nimemsahau kabisa yule mama.

Siku ya kwanza kabisa alinipa sharti. Alisema, "Utakayoniambia humu hayafiki ofisini kwa walimu. Ila ukiniambia kuna mtu anakuumiza wewe, au anamuumiza mwenzio, hilo sitalificha. Nitakwambia wewe kwanza, halafu nitatafuta wa kutusaidia." Nikaitikia kwa kichwa. Kwa kweli sikuelewa kitu.

Baada ya mwezi hivi alikuja nyumbani. Mama alikuwa anakanda unga wa chapati, akadhani nimeshtakiwa, akaanza kunikemea kabla mgeni hajapewa kigoda. Mwalimu akamwambia, "Dada, mimi sikuja kwa ajili ya huyu. Nimekuja kukuuliza, siku ile wewe ulikuwa wapi?" We! Mama aliacha unga. Alisimulia jinsi alivyosimama njia panda, shule yangu huku, mtoto mchanga mgongoni, watu wanamsukuma, na yeye akachagua kukimbia na yule aliyekuwa naye. Miezi yote ile alikuwa haniangalii usoni, mimi nikidhani ni kwa sababu ya godoro. Alilia mpaka unga ukakauka. Kumbe mgonjwa hakuwa mimi peke yangu. Godoro halikukauka kesho yake, nisikudanganye. Lilichukua muda mrefu, lakini tangu siku ile mama alilianika uani.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika.

Kwenye dawati letu tulikaa watatu, na wa katikati alikuwa mvulana mwenye mwandiko mzuri kuliko wote. Msafi, mkimya, hakuingia chini ya dawati hata siku moja. Nani amwone mtoto kama huyo? Alikuwa anakaa kwa baba yake mdogo. Siku moja nyuma ya choo alinifunulia shati. Mgongo wake ulikuwa na alama za waya, mpya juu ya za zamani. Akaniapisha haki ya Mungu nisiseme. Nikaapa.

Jumanne ngapi sijui nilikaa juu ya ile ndoo na siri yake mdomoni! Mara moja mwalimu aliniuliza, "Mwenzako wa dawati hajambo?" Nikajibu, "Hajambo, mwalimu." Nilijiona rafiki wa kweli. Tulipoingia darasa la sita hakuonekana tena. Wengine walisema amepelekwa shamba Rufiji, wengine kwamba anabeba mizigo sokoni Tandika. Kwenye daftari la mahudhurio jina lake lilikatwa kwa kalamu nyekundu, pembeni pakaandikwa "mtoro".

Ninaandika riwaya, kama wengi wenu mnaosoma kurasa hizi. Kauntabuku la tatu sasa. Humo mvulana anamwambia mwalimu kila kitu, na sura hiyo nimeiandika mara saba. Polisi wanafika jioni ile ile, baba mdogo anatiwa pingu, mtoto anacheka. Mshikaji wangu aliisoma akasema, "Mwana, hii filamu." Iliniuma, lakini alisema kweli. Nikatafuta Sheria ya Mtoto, ambayo kwa ajabu ni ya mwaka ule ule wa mabomu yetu, 2009. Inasema mtu yeyote mwenye habari kwamba haki ya mtoto inavunjwa ana wajibu wa kutoa taarifa serikali za mitaa. Afisa ustawi wa jamii anamwita mzazi au mlezi wazungumze, anaamua kwa faida ya mtoto, mzazi anaweza kutakiwa kutia saini ahadi ya kumtunza, na akikaidi ndipo mambo yanakwenda mahakamani. Mazungumzo mengi, pingu chache. Riwaya gani hiyo?

Basi mwaka jana, katika nyumba ninayopanga, nikaanza kusikia kilio ng'ambo ya ukuta. Mtoto wa kike, darasa la pili. Usiku wa kwanza nikaongeza sauti ya redio. Usiku wa pili nikaenda kwa mwenye nyumba, akaniambia ya ndani mwao hayo. Usiku wa tatu nikapiga 116, namba ya simu ya mtoto, ambayo haikati hata shilingi. Mkono ulikuwa unanitetemeka kama mwizi.

Alikuja afisa wa ustawi, dada mmoja mwenye faili kwapani. Alikaa na baba na mama wa kambo muda mrefu nyuma ya pazia, na sikusikia sauti ya mtu kupanda. Akarudi tena, na tena. Mara ya nne nilimsubiri kibarazani nikamwuliza, "Vipi dada, wamesemaje?" Akanitazama kwa upole akasema, "Kaka, hayo si yako." Nilikuwa na kalamu mfukoni, msomaji. Niliona aibu.

Mama wa kambo hanisalimii tangu siku zile, ingawa hakuna aliyemtajia jina langu. Baba anaitikia nusu. Ukuta umenyamaza, ila sijui kama unyamavu nao ni habari njema, na usiku bado ninategea sikio.

Jumanne iliyopita yule mtoto alichelewa kurudi. Nilimkuta bombani na kidumu chake cha lita tano, sare bado mwilini.

"Ulikuwa wapi leo?"

"Kwa mwalimu. Tulikuwa tunachora."

Sikumwuliza alichora nini. Nilimtwika kidumu, nikatangulia kumfungulia mlango.