Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga wetu walituachia methali mbili juu ya mgeni, na mtu asiyezipima vema hudhani kuwa zinapingana. Ya kwanza husema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili husema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Moja humwona mgeni kuwa ni dawa. Nyingine humwona kuwa ni mkono wa kazi. Mimi naziona kuwa ni pacha, wala sidhani kama mwenyeji aweza kupata uponyaji wa ile ya kwanza bila ya kutii agizo la hii ya pili. Ushahidi wangu ni siku chache za mwanzo za mwanafunzi wa Kimarekani aliyekaa nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, kwa ajili ya kujifunza Kiswahili.

Kwa faida ya msomaji asiyepajua, Ngamiani imetengwa na upande wa bandari na maofisi kwa reli ile iliyoanza kujengwa mwaka 1893, zama za utawala wa Wajerumani. Barabara zake zimenyooka, nazo huitwa kwa hesabu: ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kuendelea. Mwaka huohuo wa 1893 mkonge uliletwa nchini, na kwa miaka mingi mashamba yake yaliita watu kutoka kila pembe. Mdigo, Mbondei, Msambaa, Mzigua na Msegeju wakakaa ukuta kwa ukuta na watu waliotoka mbali, na Kiswahili kikawa kamba iliyowafunga pamoja. Kwa hiyo mtaa wetu ni mtaa wa wageni waliogeuka wenyeji. Wengi wanaokaribisha leo, babu zao walipiga hodi jana.

Wala Mmarekani si kitu kipya kwetu. Vijana wa kujitolea kutoka nchi hiyo walianza kuja Tanganyika mwaka 1961. Katika miaka ya 1990 Kelly Askew alikaa Tanga akichunguza taarab, dansi na ngoma, na kitabu chake kikatoka mwaka 2002. Mgeni wetu hakuwa amefikia daraja hiyo. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mmoja, aliyesoma Kiswahili kwa miaka miwili katika chuo kikuu cha kwao. Ngeli zote alizijua, na viambishi vyake alivitaja bila ya kusita.

Jioni ya kwanza alikuja bibi mmoja, jirani yetu, kumjulia hali. Binti akamwamkia, “Shikamoo, bibi,” akaitikiwa, “Marahaba, mwanangu.” Kisha bibi akauliza habari za safari, za wazazi, za ndugu, za usingizi, za joto la kwetu. Kila swali lilijibiwa “nzuri”, na baada ya kila jibu binti alinyamaza, akingoja aelezwe jambo lililomleta mzee huyo. Bibi akaaga, akaenda zake. Hapo mgeni akaniuliza kwa sauti ya chini, “Baba, bibi alikuwa na haja gani?” Nikamjibu, “Haja yake ni hiyo uliyoiona.” Kwa bibi huyo, kumjulia mtu hali ni shughuli kamili, inayotosha kumtoa mtu nyumbani kwake na kumvusha barabara mbili kwa miguu.

Siku ya pili ilikuwa na uzito zaidi. Kila alikopita, vijana wa sekondari walimlaki kwa Kiingereza. Dukani aliuliza bei kwa Kiswahili, akajibiwa kwa Kiingereza. Nyumbani nako hakupata nafuu, kwani heshima ilimfungia mlango. Alitengewa kiti, sahani na kijiko, akala nami sebuleni, hali mazungumzo matamu ya nyumba yalikuwa uani, kwa wanawake na watoto. Usiku alisema kwa huzuni, “Nimevuka bahari kuifuata lugha hii, na kila nifunguapo kinywa najibiwa kwa lugha niliyoiacha kwetu.”

Mwanangu wa kidato cha tatu alimsikia, naye akasema kwa adabu, “Baba, na sisi mitihani yetu karibu yote ni ya Kiingereza. Tutakisikia wapi kutoka kwa mwenyewe, kama si kwake?” Sikuona wa kumlaumu kati yao. Njaa mbili zilikutana mlango mmoja, na kila moja ilikuwa na haki yake. Lakini mambo yangeendelea hivyo, binti angalirudi kwao na Kiingereza chake, nasi tungalibaki na desturi ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya kusemezana sisi kwa sisi tu, isiyofaa kutengewa mgeni.

Aliyeipata dawa ni mke wangu, ambaye masomo yake yalikoma darasa la saba. Asubuhi ya siku ya tatu alimwita binti uani, akamwambia, “Mwanangu, leo siku ya tatu. Hapa mjini jembe hatuna. Chukua mbuzi hii.”

Binti akageuka huku na huku akimtafuta mnyama. Kisha elimu yake ya ngeli ikamjia, akauliza kwa heshima, “Mama, si mbuzi huyu?”

Mke wangu akamvutia kile kigoda chenye ulimi wa chuma, akasema, “Huyu hula majani. Hii hula nazi.”

Uani pote pakaangua kicheko, na binti akacheka kuliko wote. Akaketi juu ya mbuzi, akafundishwa kukuna, kukamua, kuchuja kwa kifumbu, kulitenga tui la kasimile na lile jepesi, na kuyatoa machicha. Maneno hayo aweza mtu kuyasoma katika kamusi akiwa popote duniani. Lakini kwamba mkunaji akifika kwenye kifuu hutia weusi katika tui, hilo alifunzwa kwa kukemewa, na kukemewa huko ndiko kulikomfanya mtoto wa nyumba. Mchana alikula uani kwa mkono, pamoja na wenzake.

Siku hiyohiyo tukapatana juu ya lugha. Ndani ya nyumba ni Kiswahili kitupu. Kila Jumamosi baada ya alasiri, kwa saa moja, binti angekaa barazani na vijana wa mtaa akiwasahihisha Kiingereza chao. Hivyo kila mwenye njaa akapata chake, wala hakuna aliyekula sahani ya mwenziwe.

Uponyaji ulikuja Jumamosi ya kwanza. Binti aliwauliza vijana, “Nani atanipeleka kwenye kaburi la Shaaban Robert?” Kimya kikatanda. Walikuwa wanane, wote wamesoma habari zake kwa ajili ya mtihani, na hapana hata mmoja aliyepata kufika Machui, kusini mwa mji wetu, ambako mshairi huyo alizaliwa mwaka 1909, na ambako alizikwa mwaka 1962. Kesho yake tukaenda sote. Tukamwombea dua, tukakaa kivulini. Niliwaeleza kuwa alikuwa mtumishi wa serikali, karani wa forodha katika ujana wake, na kwamba kazi ya ofisi haikumzuia kuandika. Njiani mwanangu akaniuliza, “Baba, kumbe alikuwa karani kama wewe?” Nikamwambia ndiyo. Usiku aliichukua Kusadikika katika rafu yangu bila ya kutumwa na mwalimu.

Haya si ya wageni wajao kwetu tu. Julius Nyerere alikuwa mwanafunzi ughaibuni, katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, tangu mwaka 1949 hata 1952. Alirudi na Kiingereza chake, na mwaka 1963 ikatoka tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare. Naye alimpa mgeni jembe: alikitaka Kiingereza kilime katika shamba la Kiswahili, badala ya kukaa kitini kikitazamwa.

Nawausia walimu, akija mwanafunzi wa kigeni shuleni, msimweke mbele ya darasa kama picha ya kutazamwa. Mpeni fagio, zamu ya maji, na mchezo wa kuigiza. Nanyi wanafunzi, chukueni Kiingereza chake bila ya haya, kwa kuwa mnakihitaji, na mlipeni kwa Kiswahili fasaha, kwa kuwa ndicho alichokifuata. Atakapowauliza njia ya kufika mahali penu pa kumbukumbu, muwe mmekwisha kufika.