i7 Si Cheo

Wasee, hii ni ya yeyote anayejichanga polepole anunue mashine ya kuediti video. DM ninazopata ni za aina moja tu: "Bro, nimeona laptopu ya i7 bei poa, nichukue?" Na mimi huuliza swali moja: i7 gani? Hapo ndipo kimya huingia. Wengi hatujawahi kuambiwa kwamba kuna i7 na i7.

Tuchukue prosesa mbili za kweli. Ya kwanza ni Core i7-5600U, iliyotoka mwanzoni mwa 2015. Utaipata kwenye laptopu kama EliteBook 840 G2 na ThinkPad T450, zile za ofisi za ng'ambo zinazotufikia huku kama ex-UK. Ya pili ni Core i3-12100 ya 2022, prosesa ya kompyuta ya mezani. Ndiyo, i3, ile kila mtu hudharau. Ukisikiza majina tu, i7 imeshinda kabla mechi ianze. Ukizipa kazi, i7 inachapwa vibaya sana.

Fikiria kibanda cha chapo. Ndani ya prosesa kuna viini, na kila kiini ni mpishi. Ile i7 ina wapishi wawili. Ile i3 ina wanne. Zote zinamruhusu kila mpishi kuangalia pani mbili kwa wakati mmoja, kwa hivyo i7 inasimamia pani nne na i3 inasimamia nane. Halafu kuna meza iliyo karibu na mpishi, mahali anaweka unga na mafuta asikimbie stoo kila dakika. Hiyo ndiyo kashe. i7 yetu ina megabaiti 4, i3 ina 12.

Mtu atasema, "Lakini si zote ni gigahezi 3 na kitu?" Kweli, i7-5600U inafika 3.2 ikijikaza, na i3-12100 inafika 4.3. Lakini gigahezi ni idadi ya mapigo kwa sekunde. Haikuambii pigo moja linamaliza kazi kiasi gani, na pigo la 2022 linamaliza kazi nyingi kuliko la 2015. Ukipanga kiini kimoja dhidi ya kimoja, i3 ina kasi karibu mara mbili. Zikifanya kazi viini vyote, tofauti inafika mara nne na zaidi.

Kuna pia suala la moto. Hiyo herufi U mwishoni inamaanisha prosesa ilitengenezwa kutumia umeme kidogo, wati 15, ndio iingie kwenye laptopu nyembamba na betri idumu. Ile ya mezani imepewa wati 60, na hata zaidi ikibanwa. Ina feni kubwa na nafasi ya kupumua. Laptopu ikichemka, inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Kwa hivyo dakika ya kwanza inakuonyesha mbio, dakika ya kumi unaona konokono.

Sasa hapa ndipo sisi wa video tunaumia. Simu nyingi siku hizi zinaweza kurekodi kwa HEVC, na iPhone zimekuwa zikifanya hivyo tangu 2017. Ni mfumo unaobana faili lisijaze simu, lakini kulifungua ni kazi ngumu. i3-12100 ina sehemu maalum ya kufungua na kutengeneza HEVC. i7-5600U haina sehemu kamili ya kuifungua, kwa hivyo mzigo mwingi unaangukia wale wapishi wawili. Ndio maana video inacheza smooth kwenye simu, ukiiweka kwa laptopu inakwamakwama kama matatu kwenye jam ya Thika Road.

Usinielewe vibaya, i7-5600U si takataka. Ukiiwekea SSD na RAM ya kutosha, itakuandikia assignment, itafungua browser, itakufundisha coding. Na ina kitu desktopu haina: betri. Stima ikipotea usiku ukiwa katikati ya kazi, mwenye laptopu anaendelea, mwenye desktopu anaangalia giza na kuuliza kama ali-save. Desktopu pia inataka skrini, kibodi, na meza, na si kila bedsitter ina nafasi. Kama maisha yako ni kuhama na kubeba kazi kwa begi, desktopu haikusaidii hata ikiwa na mbio kiasi gani.

Shida yangu ni pale stika inapopandisha bei. Muuzaji akisema "hii ni i7" hajadanganya, ni kweli imeandikwa hapo. Lakini hiyo namba 7 inalinganisha prosesa na ndugu zake wa mwaka ule ule. Haisemi chochote kuhusu zilizokuja baadaye. Ni kama kujivunia ulikuwa namba moja darasa la nne ukiwa mbele ya watu wa form four. Na pesa inayolipa hilo jina ni ya mtu aliyefanya vibarua miezi, anayetaka kupokea mteja wake wa kwanza. Mteja hangoji laptopu ipoe.

Kwa hivyo soma jina lote. Ingia Settings, System, kisha About, utaiona. Kwa jina kama i7-5600U, 5 ya kwanza ndiyo kizazi. Kwa i3-12100, kizazi ni 12. Laptopu za U zilibaki na viini viwili hadi kizazi cha saba, hata zikiitwa i7. Mwaka 2017 kizazi cha nane kikaja, na i5-8250U ikapata viini vinne. Hiyo i5 inaifunika i7-5600U, inafungua HEVC, na inakubaliwa rasmi na Windows 11. Ya kizazi cha tano haikubaliwi, na Windows 10 ilimaliza usaidizi wake wa kawaida Oktoba 2025.

Ukitaka kubeba, tafuta kizazi cha nane kwenda juu, hata iwe i5. Ukiwa na meza na stima ya kuaminika, i3-12100 itakufanyia kazi, na baadaye unaweza kuitoa uweke kubwa zaidi kwenye ubao ule ule. Ya laptopu ile imechomelewa, haitoki. Lakini chunga i3-12100F: hiyo F inamaanisha haina grafiksi yake, utahitaji kadi ya kununua kando.

Mtu akikuambia "ni i7," muulize namba zinazofuata. Akikosa jibu, shika pesa yako.