Enzi za F6

Baada ya mkataba wa amani wa Sudan wa 2005, mafundi kutoka Kenya na Uganda tulimiminika Juba. Mimi nikaangukia Hai Jalaba, nikaweka meza pembeni ya jenereta. Kompyuta zilikuja na Vista, wenyewe hawaitaki: "Ya muhandis, nipigie XP."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. XP ilitoka 2001. Utaratibu wa AHCI wa kuzungumza na diski za SATA ukaja 2004. Sidi ya XP haikuwa na draiva yake. Ulisubiri ipakie mafaili yake, kisha skrini ya buluu: 0x0000007B, yaani diski haifikiki. Dawa rasmi ilikuwa kuwahi kitufe cha F6 mwanzoni kabisa, halafu uingize flopi yenye draiva. Flopi! Kwenye laptop isiyo na pa kuiingizia. Aliyeweka sharti hilo hakuifikiria Juba, na sidhani kama hata jirani yake wa Seattle alimfikiria.

Basi uliingia BIOS, ukageuza AHCI kuwa IDE, diski ikajifanya ya kizamani, XP ikakubali. Wenye subira walitumia nLite kuichoma draiva ndani ya sidi mpya, na sidi hiyo ikaazimwa meza kwa meza hadi ikakwaruzika.

Leo naletewa mashine za Intel za kizazi cha 11 kwenda juu. Windows 10 inawaka kwenye flashi, ukifika pa kuchagua diski, patupu: diski ya NVMe imejificha nyuma ya VMD, kidhibiti cha Intel ambacho flashi haina draiva yake. Unapakua draiva, unaipakia, imeisha. Ugonjwa ule ule, dawa nyepesi.

Ninachokikosa ni kazi ya uokoaji. Diski ikigoma niliichomoa, nikaiunganisha na mashine ya Linux, ddrescue ikasoma sekta kwa sekta, zilizooza ikizirudia mwishoni, usiku kucha, dizeli juu ya mteja. Harusi nzima zilirudi hivyo. Sasa faili likifutwa, TRIM huiarifu SSD, nayo huyafagia yaliyokuwemo. Na BitLocker hufunga diski yote, ufunguo wa akiba ukikaa kwenye akaunti ya Microsoft.

"Fundi, mbona diski unaiona na picha huzioni?" mama mmoja aliniuliza juzi.

Nikamuuliza barua pepe iliyofungulia mashine. Akasema alifunguliwa na fundi mwingine, naye alisharudi Kampala.